Mashahidi wa Nairobi

Barabara kuu inayopita chini ya kilima cha Makumbusho ya Taifa, ikakata Westlands na Kangemi kuelekea Kikuyu na Limuru, inaitwa Waiyaki Way. Abiria wa matatu hulitaja jina hilo kutwa kucha. Mwenye jina, Waiyaki wa Hinga, alikuwa kiongozi wa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti na Kabete, naye alifariki mwaka 1892 akiwa mikononi mwa Kampuni ya Imperial British East Africa. Ukiuliza alikufaje utapewa majibu mawili. Ugomvi wa majibu hayo mawili ni mwanzo mzuri wa habari ndefu zaidi: jinsi jiji hili lilivyogeuka kuwa karakana ya watu wanaoyatafuta yaliyopita, na jinsi walivyojifunza, mara nyingi kwa kuumbuka, kwamba shahidi wa aina moja hatoshi.

Dagoretti na Kibwezi, 1890–1892

Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard, akiwa njiani kwenda Uganda kwa niaba ya Kampuni, alijenga ngome Dagoretti na kula kiapo cha undugu wa damu na Waiyaki. Undugu huo haukudumu. Watu wa Kampuni walioachwa ngomeni walipora vyakula vya wenyeji, na ngome ikachomwa moto. Kampuni ikajenga nyingine upande wa Kabete, ikaiita Fort Smith. Agosti 1892 Waiyaki aliingia humo, ukazuka ugomvi kati yake na msimamizi wa ngome, Purkiss, akajeruhiwa kichwani, akafungwa, kisha akatolewa kwa safari ya miguu kuelekea pwani. Hakufika. Alifia Kibwezi.

Kwa Wazungu waliokuwapo, akiwemo James Macdonald, aliyekuwa akipima njia ya reli na baadaye akachapisha kitabu mwaka 1897, Waiyaki ndiye aliyeanza fujo, na jeraha ndilo lililomuua. Katika masimulizi ya Wakikuyu, Waiyaki alisalitiwa na watu aliokula nao kiapo, akazikwa Kibwezi angali hai, kichwa chini.

Mwanahistoria hachagui jibu linalompendeza. Huwauliza mashahidi wote maswali yale yale: ulikuwa wapi, ulikuwa na haja gani, na ulianza lini kuyasema haya? Macdonald na Purkiss walikuwa ngomeni, lakini walikuwa pia watu wenye jambo la kujitetea. Masimulizi ya Kikuyu yalisimuliwa mbali na Kibwezi, nayo yalipata nguvu kubwa katika miongo ambayo ardhi ya Kabete na Kiambu ilikuwa imekwenda kwa walowezi, na kila kaya ilikuwa na sababu ya kumkumbuka mtu wa kwanza kuumizwa. Hata hivyo kuna mambo ambayo pande zote mbili zinayasema: kwamba palikuwa na kiapo, kwamba jeraha lilipatikana ndani ya ngome ya Kampuni, kwamba mtu huyu alikufa akiwa mfungwa, akipelekwa mbali na kwao. Hasimu anapokiri jambo lisilomfaidi, hapo ndipo penye udongo mgumu wa kujengea. Mengine yote juu ya Waiyaki yamejengwa juu ya udongo huo, na yana uimara tofauti.

Vijiwe vya Kabete, 1903–1935

Reli ilifika Nairobi Mei 1899. Miaka minne baadaye, katika misheni ya Kianglikana ya Kabete, alizaliwa Louis Leakey, mwana wa mmisionari, aliyekua akicheza na watoto wa Kikuyu na kuzungumza lugha yao kama wao. Akiwa mvulana alisoma kitabu juu ya watu wa zama za mawe, akaanza kuokota vijiwe vyeusi vyenye makali vilivyojitokeza kwenye kingo za barabara baada ya mvua. Majirani walivijua siku nyingi na kuviita nyembe za mizimu. Louis akavipeleka kwa Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho madogo yaliyoanzishwa mjini na chama cha wapenda elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909. Loveridge akamthibitishia kwamba baadhi yake ni zana kweli.

Inafaa kukaa kidogo na vijiwe hivyo, maana vinaonyesha jinsi kitu kisicho na mdomo kinavyotoa ushahidi. Ni kioo cha volkano, obsidiani, na machimbo yake ya asili yako Bonde la Ufa, pande za Naivasha. Kabete hakuna. Kwa hiyo kila kipande kinachookotwa kwenye matuta ya Kabete kinatuambia kwamba mtu alikibeba akapanda nacho ukingo wa Bonde, au alikipokea kwa aliyekibeba. Siku hizi maabara hupima kemikali zilizomo ndani ya kipande na kuzilinganisha na za mlima mmoja mmoja, kwa sababu kila volkano ina mchanganyiko wake. Kwa njia hiyo, huko Olorgesailie, kusini-magharibi mwa Nairobi, watafiti wa Marekani na wa Makumbusho ya Taifa walionyesha mwaka 2018 kwamba watu waliokuwa wakiishi pale zaidi ya miaka 300,000 iliyopita walipata obsidiani kutoka umbali wa makumi ya kilomita. Wenzao wa zamani zaidi mahali hapo hapo walitosheka na mawe ya karibu. Kitu fulani katika maisha ya binadamu kilikuwa kimebadilika, na mashahidi wake ni vigae vya kioo.

Kijana wa Kabete alikwenda Cambridge, akarudi na msafara wa uchimbaji mwaka 1926, na kwa miaka kadhaa alifukua mapango na makaburi ya pande za Nakuru na Elmenteita. Mwaka 1930 Makumbusho ya Coryndon, yaliyopewa jina la gavana aliyefariki miaka mitano kabla, yakafunguliwa juu ya kilima yalipo leo Makumbusho ya Taifa. Nairobi ikawa na nyumba ya kuhifadhia vilivyopatikana. Ilichokuwa haijapata bado ni nidhamu ya kutosha, na somo hilo lilikuja kwa fedheha.

Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Victoria, msafara wa Leakey ulipata kipande cha taya. Leakey alitangaza kwamba ni cha babu wa binadamu wa leo na kwamba ni cha kale mno. Wataalamu wa London wakavutiwa, kisha mwanajiolojia Percy Boswell akaja mwaka 1935 kuona mahali penyewe. Hakuonyeshwa. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kama alama vilikuwa vimeng'olewa na wenyeji, ambao walikuwa na matumizi bora ya chuma. Mvua ilikuwa imebadilisha makorongo, na picha iliyotolewa kama ya mahali pale ikagundulika kuwa ya kwingine. Boswell akaandika hayo katika jarida la Nature mwaka huo huo. Taya lilibaki mkononi, lakini lilikuwa limepoteza karibu thamani yake yote kama ushahidi, kwa sababu mfupa husema kidogo sana ukitengwa na tabaka la udongo ulimolala. Kila mwanaakiolojia anayefanya kazi Kenya leo hupima, huchora, hupiga picha na kuandika kabla ya kuinua chochote, na tukio la Kanam ni moja ya sababu.

Risasi za 1922, maneno ya 1932

Leakey alipokuwa masomoni Uingereza, Nairobi ilipata ushahidi wa aina nyingine kabisa. Tarehe 14 Machi 1922 Harry Thuku, karani wa simu aliyeongoza upinzani dhidi ya kipande (kitambulisho cha lazima), kodi na kupunguzwa mishahara, alikamatwa. Siku mbili baadaye umati ulikuwa nje ya kituo cha polisi, karibu na Hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina la Thuku na inapakana na Chuo Kikuu cha Nairobi. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilichapisha taarifa kwamba waliokufa ni 21. Waafrika walioshuhudia walitaja idadi kubwa zaidi, na wakaongeza kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao walifyatua.

Katika karatasi za serikali wanawake wamo, kama sehemu ya umati. Aliyekosekana ni Muthoni Nyanjiru. Yeye ndiye aliyesimama mbele, akapandisha nguo yake na kuwaambia wanaume waliokuwa wakisitasita wampe suruali zao wao wavae gauni lake, kisha akawa miongoni mwa wa kwanza kuuawa. Habari hii tunaijua kwa sababu Job Muchuchu, mwanachama wa chama cha Thuku aliyekuwapo, aliisimulia, na Carl Rosberg na John Nottingham wakaiandika katika kitabu chao cha 1966. Nottingham alikuwa afisa wa wilaya wa serikali ile ile ya kikoloni. Tunaijua pia kwa sababu wanawake waliutungia ujasiri huo wimbo, Kanyegenuri, ambao serikali iliupiga marufuku. Kwangu mimi marufuku hiyo nayo ni ushahidi. Serikali haihangaiki na wimbo usiouma.

Muongo mmoja baadaye wazee wenyewe waliitwa kusema, safari hii kwa mwaliko. Tume ya Ardhi ya Kenya, chini ya Sir Morris Carter, ilianza kazi mwaka 1932 na kusikiliza wakuu wa mbari za Kiambu, Kabete na Dagoretti wakieleza nani aliuza shamba lipi kwa nani, kwa mbuzi wangapi, na mpaka ulipita mti gani. Ushahidi ulichapishwa katika juzuu tatu nene. Kwa mtafiti wa vitongoji vya magharibi ya Nairobi hizo ni hazina, lakini ni hazina yenye mtego. Kila mzee aliyesimama pale alikuwa na shamba la kurudishiwa, na kila ofisa aliyemhoji alikuwa na walowezi wa kuwalinda. Simulizi lililotolewa mbele ya tume ya ardhi ni lazima lilinganishwe na lile linalotolewa kwenye kikao cha ukoo, ambako hakuna anayegawa ekari.

Moshi, 1939–1963

Majalada nayo yana maisha yake. Mwaka 1939 moto katika Sekretarieti jijini uliteketeza kumbukumbu nyingi za miongo ya mwanzo ya utawala. Serikali ya kikoloni haikuanza mpango rasmi wa kuhifadhi nyaraka hadi mwaka 1956, katikati ya Hali ya Hatari, wakati kambi za kizuizini zilikuwa zimejaa watuhumiwa wa uasi wa Mau Mau na kila kambi ikizalisha karatasi.

Moto wa pili uliwashwa kwa maagizo. Mei 1961 Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, aliagiza kwamba serikali za baada ya uhuru zisiachiwe karatasi ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza, au polisi, askari, watumishi na watoa habari wake. Nairobi, kama makao makuu mengine ya makoloni, ikayagawa majalada mafungu mawili. Fungu moja lilikuwa la kurithishwa. La pili lilikuwa la siri, nalo liliruhusiwa kushikwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya tu. Fungu hili la pili lilichomwa au kusafirishwa. Maagizo yaliingia hadi kwenye majivu, kwamba yapondwe ili kusibaki kipande kinachosomeka, na kwamba mahali pasipofaa moto karatasi zizamishwe kwenye kina kirefu cha maji, ndani ya masanduku yenye uzito. Takriban majalada 1,500 yakapakiwa katika masanduku 300 hivi na kurushwa kwa ndege hadi Uingereza kabla ya bendera kushushwa Desemba 1963.

Kenya huru ikapitisha sheria ya nyaraka za umma mwaka 1965. Baadaye Nyaraka za Taifa zikahamia jengo la zamani la National Bank of India, kwenye mtaa ambao sasa ni Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Watu wa Nairobi huliita Archives, na wengi wao hulijua kama mahali pa kukutania: mwenzako akichelewa, unamngoja pale nje. Ndani mna mkusanyo wa sanaa na vitabu wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, na juu yake kuna chumba cha kusomea ambamo vizazi vya watafiti wameagiza faili moja moja. Watumishi wa jumba hilo walijua mapema kwamba rafu zao zina mapengo. Kenya iliomba majalada yake mwaka 1967, ikaomba tena miaka ya 1970, wakati mkuu wa Nyaraka, Maina Kagombe, alipolivalia njuga jambo hilo. Haikupewa.

Wazee waingia chuo kikuu, 1963–1974

Mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper, mwanahistoria wa Oxford, alitangaza kwamba Afrika kabla ya Wazungu haikuwa na historia inayoweza kufundishwa. Hoja iliyojificha nyuma ya tangazo hilo ilikuwa juu ya ushahidi: pasipo maandishi, alidhani, hapana cha kujua. Jibu la Nairobi lilitoka kwa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, aliyekuwa amesoma Makerere, St Andrews na London. Alipotaka kuandika tasnifu yake juu ya historia ya Waluo, chanzo kikuu kilikuwa vinywa vya wazee, na ilimbidi kuwashawishi walimu wake kwamba hilo linawezekana. Kitabu kilichozaliwa, juu ya uhamaji na makazi ya Waluo wa kusini tangu mwaka 1500 hivi, kilichapishwa na East African Publishing House hapa Nairobi mwaka 1967.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya kuchosha. Alikwenda koo kwa koo, akaandika nasaba na safari za kila ukoo, kisha akazikutanisha. Nasaba moja peke yake inaweza kupunguzwa au kurefushwa ili kumtukuza babu fulani. Nasaba za koo nyingi zilizooana na kupigana vita hubanana, kwa sababu anayetajwa kuoa binti wa ukoo jirani lazima awe aliishi wakati mmoja na baba mkwe wake. Hapo ndipo vizazi vinapogeuka kuwa miaka, kwa makadirio.

Godfrey Muriuki alipata kwa Wakikuyu kalenda iliyo bora zaidi. Kila kundi la vijana waliotahiriwa pamoja, yaani riika, lilipewa jina, mara nyingi la tukio la mwaka huo: njaa, nzige, maradhi. Wazee wa Kiambu, Murang'a na Nyeri waliyakariri majina hayo kwa mfuatano, na mwenzao wa wilaya nyingine angeweza kuwasahihisha. Chukua riika la Mutung'u, la ndui, na la Ndutu, la funza, yote mawili ya miaka ya 1890. Funza hakuwa mdudu wa huku. Alivuka Atlantiki kutoka Brazili na kufika pwani ya Angola mwaka 1872, akaitembea Afrika kwa nyayo za wapagazi hadi kuifikia Bahari ya Hindi kabla ya karne kwisha. Madaktari na wasafiri waliandika maendeleo yake. Wazee wa Kikuyu hawakuwa wamesoma ripoti hizo, na waandishi wa ripoti hawakuwa wamesikia majina ya marika, lakini tarehe zao zinakutana. Kitabu cha Muriuki juu ya Wakikuyu kuanzia 1500 hadi 1900 kilitoka mwaka 1974. Gideon Were alikuwa amekwisha kufanya kazi kama hiyo kwa Waluyia, na William Ochieng' akaifanya kwa Wagusii.

Wapinzani hawakukosekana. Mwaka ule ule wa 1974 mwanahistoria David Henige alionya kwamba orodha za watawala na vizazi hunyooshwa na wasimulizi, na kwamba mzee anaweza kukusimulia, kwa sauti ya mababu, jambo alilolisoma katika kitabu cha misheni. Onyo hilo lilikuwa la haki na lilisaidia. Tangu hapo mtafiti makini huuliza pia: mzee huyu alikwenda shule gani, na nani alimhoji kabla yangu?

Fuvu na nguruwe, 1972–1985

Juu ya kilima cha Makumbusho, wakati huo huo, mtoto wa Louis, Richard Leakey, alikuwa akiongoza taasisi nzima. Mwaka 1972, mashariki mwa Ziwa Turkana, Bernard Ngeneo aliona vipande vya mfupa kwenye mteremko. Vipande zaidi ya 150 viliunganishwa kwa gundi na subira, likatokea fuvu lenye nafasi kubwa ya ubongo, likasajiliwa kama KNM-ER 1470. Herufi hizo ni anwani: Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mashariki ya Rudolf (jina la zamani la Ziwa Turkana), namba ya kitu. Aibu ya Kanam haikuwa imesahaulika. Louis, akiwa mgonjwa, alionyeshwa fuvu hilo siku chache kabla ya kufariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Alilifurahia sana, kwani lilionekana kumthibitishia imani ya maisha yake kwamba jenasi yetu ni ya kale kupita walivyodhani wengine.

Umri wake ulitegemea jivu la volkano lililokuwa juu ya tabaka la fuvu. Potasiamu iliyomo katika madini ya jivu hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Mlipuko huitoa gesi ya zamani na kuanza hesabu upya, hivyo ukipima agoni unajua jivu lilianguka lini. Maabara ya Uingereza ilisema miaka milioni 2.6. Fuvu, basi, lingekuwa la kale zaidi ya hapo.

Kisha wakaja nguruwe. Mtaalamu wa visukuku Basil Cooke alichunguza meno ya nguruwe wa kale wa Turkana na kuyalinganisha na ya bonde la Omo, Ethiopia, ambako majivu yalikuwa yamepimwa vizuri. Nguruwe hubadilika haraka kutoka kizazi hadi kizazi, na meno yao yalikuwa ya miaka milioni mbili hivi. Wataalamu wakarushiana maneno kwa miaka kadhaa, mikutanoni na majaridani. Maabara nyingine zikapima upya, zikagundua kwamba sampuli za kwanza zilikuwa na chembe za madini ya zamani zilizochanganyika na jivu. Kufikia mwaka 1980 hivi umri wa jivu ulikubalika kuwa chini kidogo ya milioni 1.9. Mimi naiona hiyo kuwa mojawapo ya saa bora za elimu hii: Makumbusho yalikuwa na kila sababu ya kung'ang'ania namba kubwa, iliyoleta sifa na fedha, lakini meno ya nguruwe yakasikilizwa.

Aliyewafundisha wengi kuona alikuwa Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kuchimba na akina Leakey huko Olduvai mwaka 1960. Agosti 1984, kando ya mto mkavu wa Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha paji la uso, cha rangi ya kokoto zilizokizunguka. Uchimbaji uliofuata ulitoa mifupa ya mvulana aliyeishi miaka milioni moja na nusu hivi iliyopita, KNM-WT 15000, mmoja wa zamadamu waliohifadhika vizuri kuliko wote waliowahi kupatikana. Makala ya kisayansi iliyomtangaza mvulana huyo mwaka 1985 ina majina ya waandishi wanne, la Kimeu halimo. Inanisikitisha kila niisomapo, maana ushahidi huanzia kwa jicho lililoutambua, na jicho hilo ni sehemu ya rekodi. Kimeu alifariki Julai 2022, dunia ikiwa imekwisha kumjua kwa jina.

Majalada yarudi, 2005–2018

Mwaka 2005 vilitoka vitabu viwili juu ya Mau Mau. Mwanahistoria David Anderson alitumia rekodi za mahakama za Hali ya Hatari kuonyesha jinsi Wakenya 1,090 walivyonyongwa. Caroline Elkins wa Harvard aliandika juu ya kambi za kizuizini, na katika kutafuta alikumbana na lile pengo la rafu. Kwa hesabu rasmi ya mahabusu 80,000, kila mmoja akiwa na jalada katika idara tatu, palipaswa kuwa na majalada 240,000. Alipata mamia machache. Akawaendea walionusurika, akahoji watu 300 hivi katika vijiji vya Mkoa wa Kati, wakamweleza juu ya vipigo, njaa na mateso ya kingono. Wakosoaji wengi walisema ameamini mno vinywa vya wazee.

Mwaka 2009, kwa msaada wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, yenye ofisi zake karibu na Valley Arcade upande wa Lavington, na mawakili wa Leigh Day, wazee watano waliishtaki serikali ya Uingereza mjini London. Anderson, Elkins na Huw Bennett walitoa ushahidi kama wanahistoria. Anderson alionyesha, kwa kufuata karatasi za usafirishaji, kwamba masanduku yaliyotoka Nairobi mwaka 1963 lazima yako mahali fulani. Mwaka 2011 serikali ikakiri: yalikuwa Hanslope Park, kituo chenye ulinzi mkali kaskazini ya London, pamoja na ya makoloni mengine, jumla majalada kama 8,800 kutoka nchi 37. Ndani yake maofisa walikuwa wakijadili kwa maandishi yao wenyewe vipigo ambavyo wazee walikuwa wakivisimulia. Udongo mgumu ulikuwa umepatikana tena, hasimu akikiri.

Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki hata baada ya nusu karne, kwa sababu nyaraka ni nyingi mno. Karatasi zilizofichwa ili zisitumike zikawa ndizo zilizofungua mlango. Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alitangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, na Septemba 2015 mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa katika bustani ya Uhuru.

Si kila alichosema Elkins kilisimama. Alikuwa amekadiria kwamba Wakikuyu waliopotea ni kati ya 130,000 na 300,000. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alizipitia sensa za 1948, 1962 na 1969 na kupata vifo vya ziada 50,000 hivi, nusu yao watoto wa chini ya miaka kumi. Wazee walikuwa wakweli juu ya yaliyowapata wao. Idadi ya taifa zima haikuwa jambo ambalo mzee mmoja, au 300, wangeweza kulishuhudia, na sensa ndiyo iliyokuwa shahidi wake.

Kesi ya pili ilikuwa na walalamikaji zaidi ya 40,000. Ilitupwa mwaka 2018. Jaji Stewart aliona kwamba, kwa madai ya mtu mmoja mmoja, muda umepita mno: maofisa waliotuhumiwa wamekufa, rekodi za hospitali na kambi hazipo, na mshtakiwa hawezi kujitetea kwa haki. Mahakama ina kipimo chake, nayo lazima impe mtu aliyetajwa nafasi ya kujibu. Mwanahistoria ana kipimo kingine. Anaweza kuweka maelfu ya simulizi pamoja, akaona kambi ile ile, mlinzi yule yule na adhabu ile ile vikitajwa na watu wasiofahamiana, na kisha kuyafuata majalada ya Hanslope, ambayo tangu 2012 yamefunguliwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew.

Kazi hiyo haijafanyika yote. Mtafiti wa Nairobi anayetaka kuyashika majalada asilia yaliyoandikwa jijini mwake bado anahitaji viza na nauli ya London. Na kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1953, wakati vijiji vya Kabete na Dagoretti vilipokuwa vikipekuliwa nyumba hadi nyumba, sasa amepita 90. Wachache bado wapo, Kangemi, Uthiru, Waithaka na Kikuyu, kando kando ya Waiyaki Way, na wengi wao hawajahojiwa na mtu yeyote.